Rangi inalaumiwa bure: mafundi wa Goma wapime kwanza vifaa vyao

Katika atelie za Goma, ugomvi kati ya fundi na mteja mara nyingi huanzia mahali pamoja. Mlango wa chuma au tangi la pikipiki limepakwa rangi, na kabla rangi haijakauka vinatokea vitobo vidogo vya mviringo, kama alama za matone ya mvua kwenye mavumbi. Mteja anasema fundi hajui kazi. Fundi anasema rangi ni ya uongo. Muuzaji naye anaapa kwamba kopo lilikuwa zima. Inawezekana kabisa kwamba hakuna hata mmoja kati yao aliyegusa chanzo chenyewe, kwa sababu hakuna aliyepima kitambaa cha kupangusia, hewa ya kompresa, wala chupa iliyotiwa dawa ya kulainisha rangi.

Kwa jamaa ya wahami wa vita, jambo hili si la urembo tu. Mlango wa chuma ndio unaolinda kidogo walichobaki nacho, na rangi ndiyo inayouzuia usiliwe na kutu. Kupaka mara ya pili ni kununua rangi mara ya pili, na feza hiyo hutoka kwenye chakula au kwenye masomo ya watoto. Kijana aliyeanza kazi ya mikono baada ya kupoteza shamba naye anaumia: akiharibu mlango wa kwanza, jirani haleti wa pili.

Rangi mbichi hujitenga na mafuta. Pakiwa na doa la mafuta kwenye chuma, rangi inavutwa pembeni na kuacha kitobo. Mbaya zaidi ni silikoni, maana chembe isiyoonekana kwa macho inatosha kuharibu kazi. Silikoni imo ndani ya dawa nyingi za kung'arisha matairi na viti vya gari, ndani ya mafuta fulani ya kupuliza kwenye vyuma, hata ndani ya baadhi ya mafuta ya kujipaka mikononi. Kuna pia mazoea ya hapa kwetu: chuma kinapanguswa kwa mazutu kwa kuwa ni rahisi kupata, kisha utando wake unabaki. Dawa ya kulainisha rangi inatiwa katika bidoni iliyowahi kubeba mawese au mafuta ya injini. Kitambaa kilichofuta mnyororo wa pikipiki asubuhi kinafuta mlango saa nane.

Huko Ujerumani, viwanda vya magari havingoji rangi iharibike ndipo vitafute chanzo. Kuna kipimo kinachojulikana kwa jina la VDMA 24364. Kitu kinachotaka kuingia penye kazi ya rangi huoshwa kwa dawa ya kuyeyusha mafuta, dawa hiyo inawekwa juu ya kibati safi hadi ikauke, kisha kibati kinapuliziwa rangi. Vitobo vikitokea, kitu kile hakiingii.

Fundi wa Goma hana maabara, lakini akili ya kipimo hicho anaweza kuitumia kwa kipande cha bati kilichobaki. Akioshe vizuri kwa sabuni, akisuuze, kisha akimwagie maji safi. Maji yakitandaa bila kukatika, chuma ni safi. Yakijikusanya matone matone kama juu ya jani la muhogo, mafuta bado yapo. Halafu aloweshe kitambaa chake kwa dawa ya kulainisha rangi, akamulie matone machache juu ya bati lile, angoje yakauke, apake rangi. Pembeni yake aweke matone ya dawa ileile bila kugusa kitambaa. Vitobo vikitokea upande wa kitambaa tu, mkosaji amejulikana. Vikitokea pande zote mbili, ashuku dawa au chupa yake. Kwa kompresa, apulize hewa juu ya karatasi nyeupe kwa dakika moja: doa la mafuta au la maji litaonekana. Kazi hii yote ifanywe mbali na moto wa makala, maana dawa hizo huwaka upesi.

Volkano nayo ina sehemu yake. Moshi wa Nyiragongo unaweza kuifanya mvua kuwa na asidi, na jivu laini hutua juu ya mabati. Uchafu wa chumvi ukibaki chini ya rangi huvuta unyevu, na baada ya muda rangi inavimba malengelenge. Kitambaa kikavu hakitoshi. Bati lioshwe kwa maji safi na likauke kabisa. Tena mafuta yaondolewe kabla ya msasa. Anayeanza na msasa anayasugua mafuta yaingie ndani ya mikwaruzo.

Wapo watakaosema hakuna muda wa mambo haya. Lakini kibati cha kujaribia huchukua rangi ya kijiko kimoja, wakati mlango ulioharibika unadai rangi ikauke, ikwanguliwe, chuma kisafishwe na kazi ianze upya. Tena kibati ni shahidi. Fundi akikionyesha mbele ya mteja na muuzaji, mazungumzo yanaacha matusi na kwenda kwenye ukweli. Rangi ikiwa mbovu kweli, itajionyesha hata juu ya bati safi, na muuzaji hatakuwa na pa kujificha.

Kwa hiyo mashirika yanayofundisha vijana wahami kazi ya rangi na kuwapa vifaa yasiishie kwenye brashi na kompresa. Yaongeze vitambaa vipya vya pamba na chupa safi zenye alama, na yafundishe kupima tangu siku ya kwanza. Patroni wa atelie akataze dawa ya kung'arisha matairi pale panapopakwa rangi. Na mama au papa anayepeleka mlango wake kwa fundi asione haya kuuliza, kabla hajatoa feza ya kwanza: «Kibati cha kujaribia kiko wapi?»