Wanne si Sawa na Mmoja

Wengi wenu mmepata kusikia habari za mchezo uitwao Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Wachezaji hukaa mezani, kila mmoja na shujaa wake wa kubuni, na mwenzao mmoja, ambaye nitamwita msimulizi, huwaeleza yanayowakuta: msitu, pango, mto uliofurika, adui. Kushinda adui huleta alama za uzoefu, na alama zikitimia shujaa hupanda daraja. Leo nasema nawe kijana uliyepewa usimulizi, maana kazi yako ni ya hakimu, na hakimu mbaya huwafanya rafiki watoke mezani wamenuniana.

Tazama kanuni za mwaka 2014. Mashujaa wanne wa daraja la kwanza wakutana na zimwi moja lenye manyoya, bagbea, ambalo thamani yake ni alama 200. Hilo ni pambano la wastani tu. Sasa liondoe, uweke goblini wanne, kila mmoja alama 50. Jumla ni 200 vilevile. Lakini kitabu chaagiza uizidishe mara mbili kwa kuwa adui ni wengi. Yawa 400, yaani pambano la kuua. Kwa nini? Bagbea hupiga mara moja kwa zamu, nao wanne hupiga mara nne. Pigo la upanga wa goblini huondoa uhai 3 hata 8, na wako mashujaa waanzao safari na uhai 8 tu.

Lakini angalia malipo. Kule kuzidisha ni kwa kupima hatari, si kwa kulipa. Katika mapambano yote mawili kila shujaa hupata alama 50: aliyeponea chupuchupu na aliyeshinda bila jasho. Mimi hilo silipendi. Mtaniambia habari za wafanyakazi wa shamba la mizabibu. Naam, lakini mwenye shamba yule alikuwa mkarimu kwa mali yake mwenyewe. Msimulizi hana mali, ana kanuni tu. Mwalimu atungaye hesabu ngumu huipa alama nyingi, na watoto hawamnung'unikii.

Wazee wa mchezo walikuwa na njia yao. Mwaka 1974 kila sarafu ya dhahabu ililetea alama moja, basi wachezaji wenye akili walikwepa vita, wakaingia kwa hila na kutoka na dhahabu. Tena, shujaa wa daraja la nane akiwinda penye hatari ya ngazi ya tano alipewa sehemu tano tu kati ya nane za malipo. Hivyo mkubwa hakuweza kujitajirisha kwa kuwaonea wadogo. Naona ilikuwa kanuni njema sana.

Katika kitabu cha mwaka 2024 kuzidisha kumeondolewa. Goblini wale wanne wa alama 200, waliokuwa pambano la kuua, sasa wahesabiwa katika kipimo cha chini kabisa. Basi usikitegemee kitabu peke yake. Kabla ya mchezo hesabu mapigo ya kila upande katika zamu moja, ukumbuke na dadu lina bahati yake. Waache adui wengine wakimbie wanaposhindwa. Adui aliyefukuzwa au kutekwa hulipiwa kama aliyeuawa. Na ukiona pambano lilikuwa gumu kuliko ulivyokusudia, ongeza malipo mbele ya wote, ukitaja sababu. Usilifiche dadu ili kumwokoa rafiki yako, maana mwenziwe ataona.

Kufika daraja la pili kwahitaji alama 300. Kwa alama 50 kila pambano, hayo ni mapambano sita. Ukiyafanya yote sita kuwa kama lile la goblini wanne, hesabu mwenyewe ni mashujaa wangapi watakaofika.