Akiba Haiozi, Lakini Chuma Huliwa na Kutu

Uani mwa nyumba moja huko Hasamba, wilayani Mbozi, nimeyaona magari manne yaliyolazwa juu ya mawe. Tairi hazipo, vioo vimevunjika, na mpera umeota palipokuwa na injini. Kuku hutagia katika gari moja, na watoto wamelifanya jingine nyumba yao ya kuchezea. Nilipomwuliza mzee mwenye uwanja kwa nini asiyauze, alinijibu kwamba akiba haiozi.

Msomaji asimcheke mzee huyu, kwani jibu lake lina historia. Wakati walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao wa haramu tarehe 11 Novemba, 1965, Zambia ilifungiwa njia ya kusini, na barabara hii ya Tunduma ikawa koo la kupitishia mafuta ya nchi hiyo na shaba yake. Malori yalipita usiku na mchana katika tope na vumbi, na madereva wa kigeni wakaifananisha njia hiyo na jehanamu. Bomba la TAZAMA lilikuja mwaka 1968, na reli ya TAZARA ikakabidhiwa mwaka 1976. Kabla ya hapo, mzigo ulikuwa juu ya magurudumu, na magurudumu hayo yalivunjika.

Kisha ikafuata miaka ya dhiki. Bei ya mafuta ilipanda, vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vikala fedha za kigeni, na kipuri kikawa adimu kama dawa. Wakati huo gari bovu halikuwa taka hata kidogo, lilikuwa ghala. Gia ya lori lililokufa ililifufua lori lililo hai. Aliyetunza mzoga wa gari alikuwa mtu mwenye busara, na pengine ndiye aliyeifikisha kahawa ya jirani yake mnadani.

Lakini busara ya jana yaweza kuwa kosa la leo. Tangu mwaka 1984, waliokuwa na fedha zao za kigeni waliporuhusiwa kuagiza bidhaa, mlango umezidi kufunguka. Taarifa ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ya mwaka 2020 ilieleza kwamba kati ya mwaka 2015 na 2018 magari madogo yaliyotumika yapatayo milioni 14 yaliuzwa kutoka nchi moja hadi nyingine, na takriban asilimia 40 yakaja Afrika. Kenya imekataa yenye umri unaozidi miaka minane. Sisi twatoza ushuru wa ziada kwa yaliyochakaa. Hata hivyo, ushuru huo hulipwa gari linapoingia. Je, ni nani anayeulizwa habari zake siku linapokufa? Mzigo huo huachiwa ua wa raia.

Na mzoga huo hautulii. Betri yake ina risasi na tindikali. Oili yake huteremka ardhini. Tairi zake hukusanya maji na kuzalisha mbu. Wenzetu wa Owino Uhuru, Mombasa, wanajua risasi ya betri kuukuu ni kitu gani. Mwaka 2020 mahakama iliamua walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3 kwa sababu ya kiwanda kilichoyeyusha betri karibu na nyumba zao. Fedha hizo haziwezi kurudisha afya ya mtoto.

Wapo watakaosema: basi yauzwe yote kwa kilo, tumalize kazi. Shauri hili ni jepesi mno. Biashara ya chuma chakavu isiyo na kumbukumbu hualika wizi, na mwizi hatofautishi gari bovu na nguzo ya umeme. Ndiyo maana Kenya iliisimamisha biashara hiyo mwezi Januari 2022 baada ya miundombinu yake kuhujumiwa. Mali bila daftari hupotea bila habari. Magari mengi ya uani hayana kadi, au kadi ina jina la marehemu ambaye warithi wake hawajaelewana. Zamani mwenye gari bovu aliogopa hata kwenda ofisini, kwa kuwa ada ya leseni ya kila mwaka iliendelea kuhesabiwa gari likiwa limelala. Ada hiyo ilifutwa mwaka 2017. Hofu iliyobaki ni ya mazoea tu.

Yafaa tukumbuke pia kwamba chuma si kitu kigeni Mbozi. Wanyiha walikiyeyusha katika tanuri zao kabla ya mkoloni kufika, na kimondo mashuhuri cha chuma kingali kimelala wilayani humo. Mhunzi wa leo anaigeuza springi ya lori kuwa jembe na panga. Viwanda vyetu huyeyusha chuma chakavu kupata nondo. Ni ajabu kuisubiri Liganga kwa miongo mingi huku tukikiacha chuma kilichokwisha kuchimbwa kiliwe na kutu nyuma ya nyumba.

Linalotakiwa si kubwa. Serikali za vijiji na mitaa ziyahesabu magari hayo na kuandika wenyewe. Halmashauri itenge siku ambapo ofisa wa kodi, polisi na ofisa mazingira watakuja pamoja ili kuyafuta katika daftari. Betri na oili zitolewe kwanza na watu wanaojua kazi hiyo. Mafundi wachukue vipuri. Ndipo chuma kipimwe na mwenye mali alipwe haki yake. Na yakionekana mabaki ya malori ya miaka ile ya Zambia, basi walau moja lihifadhiwe, ili mwalimu apate kuwaonyesha wanafunzi jinsi nchi maskini ilivyombeba jirani yake.

Sisi watumishi wa umma tuanze kwa kutazama nyuma ya ofisi zetu wenyewe, maana huko nako yamo magari juu ya mawe. Hatutakuwa na uso wa kumwambia mzee wa Hasamba asafishe ua wake ikiwa wetu umeota miti. Mzee huyo alitunza akiba wakati taifa lilipoihitaji. Tumsaidie sasa kuitumia, kabla kutu haijamaliza kilichobaki.