Wajane wa Kigiriki na ndugu zetu wa Kameruni

Tarehe 21 Novemba 2018, Padre Cosmas Omboto Ondari, mwana wa Kenya na mmisionari wa Shirika la Mill Hill, aliuawa kwa risasi nje ya kanisa la parokia yake huko Kembong, Jimbo la Mamfe, nchini Kameruni. Alikuwa hajatimiza miaka miwili ya upadre. Mwezi mmoja na nusu kabla yake, frateri mwenye umri wa miaka 19 alipigwa risasi huko Bamessing, Jimbo Kuu la Bamenda, naye mbele ya kanisa. Sisi tunaolelewa seminarini hapa Afrika Mashariki hatuwezi kuvisoma vifo hivi kama habari za mbali. Mmoja alikuwa jirani yetu, na mwingine alikuwa rika la wadogo zetu wa mwaka wa kwanza.

Tukiuliza kisa cha vita hiyo, jibu tunalopata kwa wengi ni fupi: wanagombania lugha, hawa Kiingereza na wale Kifaransa. Jibu hilo linatupa raha, kwa sababu linalifanya jambo lenyewe kuwa la wakoloni na la watu wengine. Lakini tunavyoona sisi, jibu hilo halitoshi. Kameruni ina lugha za asili zaidi ya 250, na majirani wa lugha tofauti wamesali kanisa moja na kuuziana ndizi katika soko moja kwa vizazi vingi. Kilichowafikisha walipo ni walio wengi kutoona haja ya kuwasikiliza walio wachache, hadi wachache wakachoka kujieleza. Tukilielewa hilo, tutaona kwamba linatuhusu na sisi.

Historia yake tunaifahamu kwa sababu inafanana na yetu. Ujerumani iliitawala Kameruni tangu 1884. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza nchi iligawanywa, kama ilivyogawanywa Afrika Mashariki ya Kijerumani kati ya Waingereza na Wabelgiji. Ufaransa ilichukua sehemu kubwa, na Uingereza ikapewa ukanda mwembamba unaopakana na Nigeria. Upande wa Kifaransa ulipata uhuru tarehe 1 Januari 1960. Februari 1961 watu wa upande wa Kiingereza waliitwa kupiga kura: wajiunge na Nigeria au wajiunge na Kameruni. Kusimama peke yao hakukuwa miongoni mwa chaguo walizopewa. Sehemu ya kusini ilichagua Kameruni, na tarehe 1 Oktoba 1961 likazaliwa shirikisho la pande mbili, kila upande na serikali yake. Kura ya maoni ya tarehe 20 Mei 1972 ililifuta shirikisho hilo. Leo, kati ya mikoa kumi ya nchi hiyo, miwili tu ndiyo ya Kiingereza: Kaskazini Magharibi na Kusini Magharibi. Wenye Kiingereza ni kama mtu mmoja katika kila Wakameruni watano.

Katiba ya nchi inasema Kiingereza na Kifaransa ni lugha rasmi zenye hadhi sawa. Kwa maandishi, hakuna cha kulalamikia. Lakini raia wa kawaida hakutani na katiba, anakutana na karani. Mzee wa Bamenda anayekwenda Yaoundé kufuatilia pensheni yake anakuta fomu ya Kifaransa na mtumishi wa Kifaransa. Kijana aliyesoma kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza anaingia katika chuo kikuu ambako kila mhadhiri hufundisha kwa lugha aliyoizoea yeye, na mara nyingi ni Kifaransa. Anaandika asichokielewa, na jioni anatafuta mwenzake wa kumfasiria. Wazazi na walimu walihangaika sana kabla ya kupata bodi yao ya mitihani mwaka 1993. Mwaka huohuo ulitiwa saini mkataba wa OHADA, unaoongoza sheria za biashara katika nchi kadhaa ikiwemo Kameruni. Mkataba huo uliitambua lugha moja tu ya kazi, Kifaransa, mpaka uliporekebishwa mwaka 2008.

Mahakamani ilikuwa vibaya zaidi. Mawakili wa Bamenda na Buea walisomea mfumo wa sheria uliorithiwa kwa Waingereza, kama huu wetu wa Kenya na Tanzania. Walijikuta wakisimama mbele ya mahakimu waliosomea mfumo wa Kifaransa, na wengine kati yao hawakukijua Kiingereza vizuri. Hebu tumfikirie mama wa kijijini aliyesimama kizimbani na haelewi anashitakiwa nini. Na nje ya mahakama, jina la mji wa Bamenda lenyewe limekuwa tusi vijiweni, jina la kumwitia mtu yeyote wa upande wa Kiingereza anayeonekana mshamba.

Hapo ndipo lilipo jeraha. Mwenye Kiingereza hujifunza Kifaransa kwa sababu bila hicho hapati kazi wala huduma. Mwenye Kifaransa kwa muda mrefu hakuwa na kinachomsukuma kujifunza Kiingereza. Nchi ina lugha mbili, lakini mzigo wa lugha mbili umebebwa na bega la mmoja. Siku hizi wazazi wengi wa upande wa Kifaransa, huko Douala na Yaoundé, wanapeleka watoto wao katika shule za Kiingereza. Hilo ni jema, nasi tunaliombea liendelee. Lakini kumsomesha mtoto Kiingereza ili apate kazi ni jambo moja, na kujifunza Kiingereza ili umsikilize jirani yako ni jambo jingine.

Oktoba 2016 mawakili waligoma, na Novemba walimu wakafuata. Hawakuwa na bunduki, walikuwa na majoho na chaki. Desemba mwaka huo maaskofu wa kanda ya kikanisa ya Bamenda walimwandikia Rais waraka wakieleza mizizi ya manung'uniko hayo. Serikali ilitoa ahadi na kuunda tume ya kukuza lugha mbili. Wakati huohuo iliwakamata viongozi wa mgomo, na kuanzia Januari 2017 ikakata intaneti katika mikoa hiyo miwili kwa siku 93. Tarehe 1 Oktoba 2017 waliotaka kujitenga walitangaza nchi yao, wakaiita Ambazonia. Tangu hapo bunduki ndizo zinazosema. Maelfu wamekufa, na mamia ya maelfu wameyahama makazi yao. Wengi wao sasa wanaishi Douala na Yaoundé, ambako wanalazimika kununua chumvi na kueleza ugonjwa wa mtoto kwa lugha ileile iliyowashinda mahakamani.

Hatuandiki haya ili kumtakasa mtu yeyote. Waliosema wanapigania watoto wao ndio waliozifunga shule za watoto hao, na Jumatatu wakaifanya siku ya maduka kufungwa na watu kujificha. Septemba 2022 kanisa la Mtakatifu Maria huko Nchang lilichomwa moto, na mapadre watano wakatekwa pamoja na watu wengine, akiwemo mtawa. Upande wa pili nao una damu mikononi. Februari 2020 wanakijiji wa Ngarbuh, wakiwemo watoto, waliuawa, na serikali yenyewe baadaye ilikiri kwamba askari wake walihusika. Dhuluma ya awali haihalalishi mauaji. Lakini pia mauaji hayaifuti dhuluma ya awali, na atakayetaka kuleta amani kwa kuyalaani mauaji peke yake atakuwa ameponya ngozi na kuacha usaha ndani.

Kuna watu wanaomtaja Marehemu Kardinali Christian Tumi kama ushahidi kwamba tatizo hili limetiwa chumvi. Tumi alizaliwa karibu na Kumbo, upande wa Kiingereza. Alisoma Nigeria, kisha Lyon na Fribourg, akawa gombera wa Seminari Kuu ya Bambui. Baadaye alitumwa kuwa askofu wa Yagoua, kisha Garoua, na tangu 1991 Douala, na majimbo yote matatu yako upande wa Kifaransa. Kwa karibu miaka thelathini alihubiri, alifundisha na aliwakemea watawala kwa lugha ambayo hakuzaliwa nayo. Basi wanasema: mbona yeye aliweza?

Sisi tunayasoma maisha yake kwa namna nyingine. Kardinali Tumi aliweza kwa sababu alikubali kuvuka kwenda kwa wenzake, na hilo lilikuwa tunda la neema na la jasho. Swali ni wangapi walivuka kumfuata. Alipostaafu alijitahidi kuitisha mkutano mkuu wa wenye Kiingereza mwaka 2018 ili wazungumze wenyewe kabla ya kuzungumza na serikali, na mkutano huo haukufanyika. Alisisitiza watoto warudi shuleni. Novemba 2020, akiwa na umri wa miaka 90, alitekwa na watu wenye silaha akiwa njiani kwenda Kumbo, akaachiliwa siku iliyofuata. Alifariki dunia Aprili 2021. Mtu mmoja mtakatifu anaweza kuwa daraja, lakini si haki kudai kila maskini wa Bamenda awe Kardinali Tumi ndipo apate huduma katika nchi yake mwenyewe.

Kanisa lilikutana na jambo hili tangu siku zake za kwanza. Tufungue Matendo ya Mitume, sura ya sita. Waamini waliosema Kigiriki walinung'unika kwamba wajane wao wanasahauliwa katika mgawo wa kila siku. Ni habari ya chakula, lakini ni habari ya lugha pia. Mitume wangeweza kujibu kama wanavyojibu wakubwa wengi: sisi sote ni wamoja, acheni kuleta mgawanyiko. Wangeweza kuwaambia wajane wajifunze lugha ya wenyeji. Hawakufanya hivyo. Waliita kusanyiko lote, wakalichukua lalamiko kwa uzito, wakaagiza wachaguliwe watu saba.

Tuyaangalie majina ya watu hao: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao. Yote ni majina ya Kigiriki. Jumuiya nzima, pamoja na Waebrania waliokuwamo, iliukabidhi mgawo kwa watu waliowaelewa waliolalamika. Na Luka anasema kwamba baada ya hapo Neno la Mungu lilizidi kuenea. Hilo ndilo fundisho letu: umoja hatuulindi kwa kumnyamazisha mwenye kunung'unika, tunaulinda kwa kumpa na yeye upawa ashike. Ndiyo maana tunaamini kwamba mazungumzo yoyote kuhusu Kameruni yatakayowaacha wenye Kiingereza wakiwa wageni waalikwa, wasio na madaraka ya kweli juu ya mahakama na shule zao, hayatadumu.

Tunajua kuna atakayetujibu kwamba nchi haijengwi kwa lugha mbili, tazameni Kiswahili kilivyotuunganisha Tanzania. Ni kweli, na tunamshukuru Mungu kwa zawadi hiyo. Lakini Kiswahili kilituunganisha kwa sababu hakikuwa fimbo ya kabila kubwa juu ya kabila dogo. Na hata hivyo, bibi Mmasai anayefika zahanati bila Kiswahili anajua jinsi inavyouma kuzungumziwa juu ya kichwa chako kana kwamba haupo.

Turudi nyumbani kabisa, hapa seminarini. Tunao ndugu waliotoka Kongo na Burundi, waliosoma kwa Kifaransa, na sasa wanakaa nasi darasani kusikiliza metafizikia kwa Kiingereza. Ni Kameruni iliyogeuzwa juu chini: hapa sisi ndio wengi. Mara ngapi tumecheka matamshi yao? Mara ngapi ndugu amepata alama ndogo, tukanong'ona kwamba kichwa chake ni kizito, kumbe hakuelewa swali? Tumewahi kuwaita wakimya, tena kwa kuwasifu, na hatukujiuliza kama ukimya ule ni fadhila au ni uchovu. Tunaungama hadharani kwamba tumekosa.

Basi tusali kila siku kwa ajili ya Kanisa la Bamenda, Kumbo, Mamfe, Kumba na Buea, tukiyataja majimbo hayo kwa majina. Tuwaombee pia waamini wa upande wa Kifaransa ujasiri wa kuwatetea wenzao. Lakini sala hiyo ianze na kitendo kidogo. Kuna ile meza ya pembeni bwaloni ambako ndugu zetu hukaa wakizungumza Kifaransa kwa sauti ya chini. Jumapili hii tuchukue sahani zetu twende tukaketi nao, na safari hii sisi ndio tuhangaike kutafuta maneno.