Kupimwa Matiti na Haki ya Kuelezwa

Kila ufikapo mwezi wa Oktoba wanawake wa Nangina, magharibi mwa Kenya, kama wenzao wa Busia na Malaba, huhimizwa wakapimwe matiti, na wito huo ni wa kheri. Ila aghalabu hawaelezwi kuwa kupima nako kuna madhara yake. Mwaka 2012 jopo la wataalamu wa Uingereza, chini ya Michael Marmot, lilikadiria kuwa kwa kila mwanamke mmoja aokolewaye na mpango wa kuwapiga eksirei wasio na dalili, watatu hupatikana na saratani ambayo isingewadhuru umri wao wote, wakapasuliwa na kuchomwa miale bila ya haja.

Je, hofu hiyo ya kutibiwa bila ya haja ni yetu? Kenya, mwaka 2020, ilikadiriwa kuwa na wagonjwa wapya wa saratani ya matiti 6,800 hivi, na waliofariki 3,100 hivi. Na taksiri kubwa ni kuchelewa. Uvimbe mwanzoni aghalabu hauumi, kwa hiyo hupuuzwa. Mwanamke akisha kuutambua, huogopa kukatwa titi, huogopa mume atasemaje, na zaidi huogopa jina la maradhi, ambalo kwa wengi ni hukumu ya kifo. Na hata akijitia moyo akafika Hospitali ya Holy Family, papo hapo Nangina, au ile ya rufaa ya Busia, bado kuna kipande cha nyama cha kupelekwa maabara, majibu ya kungojewa, na pengine safari ya Eldoret, nauli na malazi juu yake.

Kwa hiyo naona mkono wa muuguzi aliyefundishwa, unaobonyeza taratibu kwa ncha za vidole vitatu, ukizunguka titi zima hadi kwapani, utangulie mashine ya eksirei. Huko Mumbai wanawake walipimwa kwa mkono kila miaka miwili, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 2021 yalionyesha vifo kupungua kwa karibu thuluthi kwa waliotimiza miaka 50, ingawa kwa walio chini ya umri huo faida haikudhihirika.

Lakini uhaba wetu wa vifaa si hoja ya kumnyima mwanamke ukweli. Asiye na dalili aelezwe faida na hasara, aachiwe khiari yake. Mwenye uvimbe asicheleweshwe hata kidogo, kwani Shirika la Afya Duniani limeweka siku 60 kuwa muda wa kumaliza uchunguzi. Na kabla ya hema la kupimia kusimamishwa sokoni, wenye kuita waseme wazi kipande kitapelekwa wapi, nani atakilipia, na majibu yatarudi lini.