Sebule ya wageni, chumba cha nyuma cha mgonjwa

Ukialikwa na ndugu anayeishi kusini mwa Uingereza, mwombe akupeleke Netley, karibu na Southampton. Pale ufukweni kuna bustani kubwa ya mapumziko iitwayo Royal Victoria Country Park. Kuna viwanja vya majani ambavyo watoto wanaweza kukimbia hadi wachoke, miti mikubwa, ufukwe wa kokoto, na meli zikipita mbele yako kuelekea bandarini.

Katikati ya uwanja limesimama kanisa moja lenye kuba. Limebaki peke yake, lakini zamani lilikuwa katikati ya hospitali ya kijeshi yenye urefu wa karibu nusu kilomita. Malkia Victoria aliweka jiwe la msingi mwaka 1856, baada ya vita vya Crimea, ambako askari wengi walikufa kwa maradhi kuliko kwa risasi. Hospitali ilifunguliwa mwaka 1863.

Kwa mbali lilikuwa jengo la kuvutia kweli. Kasoro ilikuwa ndani. Upande wa bahari, wenye jua na mandhari, ulipewa korido ndefu. Wodi za wagonjwa ziliwekwa nyuma, ambako jua lilikuwa haba na hewa haikupita vizuri.

Muuguzi Florence Nightingale aliiona ramani akapinga. Akamfuata Waziri Mkuu, Lord Palmerston, naye akakubaliana naye kwamba nafuu ya mgonjwa ilikuwa imetolewa sadaka ili jengo lipendeze kwa wanaolitazama kutoka majini. Lakini ujenzi ulikuwa umeshaendelea na fedha zimeshatumika, kwa hiyo kazi haikusimamishwa. Mwaka 1963 sehemu ya jengo iliungua, na mwaka 1966 karibu lote likabomolewa. Bustani ikafunguliwa kwa wananchi mwaka 1980.

Kwa nini nayaleta haya kwenye ukurasa wa familia? Kwa sababu kosa la Netley tunalo majumbani mwetu. Chumba chenye madirisha makubwa ni sebule, na sebule ni ya wageni. Bibi akiugua, au mtoto akianza kukohoa, tunamlaza chumba cha nyuma, dirisha limefungwa na pazia zito limeshushwa ili "asipigwe na upepo". Tunafanya hivyo kwa mapenzi, lakini hewa iliyotuama haimsaidii mgonjwa wala anayemuuguza.

Kifua kikuu huenea kwa njia ya hewa. Mgonjwa akikohoa, vimelea hubaki vikielea chumbani. Dirisha likiwa wazi hupungua, na likifungwa hurundikana. Kama baridi inakutia wasiwasi, mfunike blanketi, usizibe chumba. Madirisha mawili yanayotazamana yakiwa wazi, hewa hupita vizuri zaidi. Mbu wanazuiwa na wavu dirishani na chandarua kitandani, hawahitaji dirisha lifungwe. Na kikohozi kikifika wiki mbili, dirisha peke yake halitoshi: mpeleke kituo cha afya akapimwe.

Wageni watakuja na kuondoka. Kama chumba chenye hewa na mwanga ni kimoja tu, mhamishie mgonjwa humo hadi apone. Mgeni mwenye busara atakaa hata barazani.