KAZI YA DAKTARI SI YA KONTRAKTA

Ndugu wanachama,

Wako watu wanaotuuliza hivi: "Ninyi wafagiaji na wapishi wa hospitali, mambo ya madaktari yanawahusu nini? Wao wana mishahara mikubwa, na ninyi mlipotiwa mikononi mwa kontrakta hawakusema neno." Swali hilo ni la haki, nasi twataka kulijibu leo bila kuficha kitu.

Jambo hili twalijua kwa sababu lilitupata sisi kwanza. Katika hospitali moja ya serikali, ambayo hatutaitaja jina, sisi watu wa ufagio, wa jikoni na wa langoni tuliitwa asubuhi moja tukaambiwa ya kwamba tangu mwisho wa mwezi sisi si watu wa hospitali tena, ni watu wa kampuni. Ufagio ulikuwa ule ule, wodi ile ile, na damu ya kupangusa ile ile. Kilichobadilika ni karatasi. Likizo ya mwaka ikapotea, pensheni ikapotea, na mshahara ukawa unapita kwanza mkononi mwa kontrakta ndipo utufikie sisi. Tukimlalamikia mkubwa wa hospitali, hutuambia, "Nendeni kwa kampuni yenu." Tukienda kwa kampuni, huambiwa, "Hospitali haijatulipa." Mtu mwenye mabwana wawili, siku ya njaa hana bwana hata mmoja.

Ni kweli madaktari walinyamaza siku hizo. Lakini wazee walisema, mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Wembe ulioanza langoni sasa unapanda ngazi. Mwaka 2020 Serikali iliandika maelfu ya wauguzi na wafanya kazi wengine wa afya kwa mpango wa UHC, kwa karatasi ya miaka mitatu, na kwa malipo madogo kuliko wenzao wanaofanya kazi ile ile wodi ile ile. Mwaka 2025 watu hao walikuwa bado barabarani wakidai kuandikwa kazi ya kudumu. Daktari naye hupewa karatasi ya miezi michache, ikiisha apewe nyingine. Hatua inayofuata ni ndogo sana: hospitali isimwandike daktari kabisa, bali inunue zamu zake kwa kampuni kama inavyonunua kuni. Hapo ndipo twasema pawekwe mpaka.

Hatusemi hospitali isinunue kitu cho chote nje. Unga hununuliwa, mafuta ya jenereta hununuliwa, na paa likivuja fundi huitwa. Wala hatukatai ya kwamba daktari akiugua au akienda kusoma, mwingine aweza kuitwa kushika zamu yake kwa muda. Lakini kazi ya daktari ndiyo hospitali yenyewe. Ukiitoa hiyo, kilichobaki ni nyumba yenye vitanda.

Tazama jinsi kazi hiyo inavyokwenda. Mama aliyepasuliwa usiku ataka kutazamwa asubuhi na mtu anayejua alipasuliwaje. Daktari kijana aliye mazoezini ataka mkubwa wa kumwongoza mwezi hata mwezi, si mtu wa leo ambaye kesho yuko mji mwingine. Na mgonjwa akifa mahali ambapo hakustahili kufa, jamaa zake wana haki ya kumwuliza mtu mmoja: ilikuwaje? Daktari akiwa wa kampuni, hospitali itawaambia waende kwa kampuni, na kampuni itawaambia waende hospitali. Sisi twaijua safari hiyo. Kwa mfagiaji hupoteza mshahara. Kwa mgonjwa hupoteza maisha, na haki baada ya maisha.

Tusidhani kwamba hili ni la Kenya tu. Nchi zenye pesa nyingi kuliko sisi zimekwisha onja. Huko Uingereza hospitali za umma zilizidi kukodi watu kwa mawakala mpaka, mwisho wa 2015, zikawekewa kima, na kufikia Aprili 2016 malipo ya saa ya mtu wa wakala hayakutakiwa kupita asilimia 55 juu ya yale ya mwenzake aliyeandikwa. Huko Ufaransa madaktari walioandikwa walimwona mwenzao wa siku moja akilipwa kuliko wao, na wengine wakaacha kazi ili warudi kwa mlango wa kukodiwa. Sheria ikatungwa 2021, na tangu Aprili 3, 2023 ikashikwa kwa nguvu: malipo ya saa 24, wakati huo, yasizidi euro 1,390. Huko Ujerumani mahakama kuu ya bima ya jamii iliamua, tarehe 4 Juni 2019, ya kwamba daktari anayejiita kontrakta, huku akifanya kazi ndani ya hospitali kwa vyombo vyake na kwa utaratibu wake, kwa kawaida ni mfanya kazi kama wengine, na michango yake ya bima sharti ilipwe.

Lakini tusijidanganye. Ufaransa ilipobana malipo, hospitali ndogo kadhaa zilifunga au kupunguza huduma kwa muda kwa kukosa madaktari. Maana yake ni hii: mpaka peke yake hautoshi. Anayekataza kukodi sharti aandike watu.

Na hapa kwetu watu wapo. Mwaka 2024 madaktari waligoma siku 56, tangu katikati ya Machi hata Mei 8, na moja ya sababu ilikuwa madaktari vijana waliohitimu, waliokaa wakingoja kupelekwa hospitalini, kisha wakaambiwa watapewa Shs. 70,000 kwa mwezi badala ya zaidi ya Shs. 206,000 za mapatano. Mapatano yaliyotangulia hayo yalitiwa sahihi 2013. Ili yatambuliwe, madaktari walikuwa wamekwisha goma siku 100, tangu Desemba 5, 2016 hata Machi 14, 2017, na viongozi wao saba wakatiwa gerezani. Basi mtu akituambia anakodi kwa sababu madaktari hawapatikani, tumwulize: hao walio nyumbani ni nani?

Vile vile tukumbuke mashine. Mwaka 2015 Serikali Kuu ilianza kukodi mashine za hospitali kwa ajili ya kaunti zote 47. Mahali pengine mashine zilikaa zimefunikwa kwa kukosa mtaalamu wa kuzitumia. Kitu cha kukodi hakiwezi kushika mahali pa mtu aliyeandikwa.

Sheria haiko mbali nasi. Katiba ya 2010, kifungu cha 41, yampa kila mfanya kazi haki ya kutendewa sawasawa kazini, na kifungu cha 43 chawapa watu wote haki ya matibabu. Sheria ya Kazi ya 2007, kifungu cha 37, yasema kibarua akifanya kazi siku za mfululizo zinazofika mwezi mmoja, ahesabiwe mtu wa mshahara wa mwezi. Na mwaka 2013 Mahakama ya Kazi, katika kesi ya Wrigley, ilieleza ya kwamba tajiri asitoe nje kazi iliyo moyo wa shughuli yake, wala asitumie kontrakta ili kukwepa deni lake kwa wafanya kazi. Ikiwa neno hilo lafaa kiwanda cha peremende, je, halifai hospitali?

Basi mipaka tunayoitaka ni hii, iandikwe wazi katika mapatano na katika sheria:

1. Daktari wa kukodiwa aitwe kwa dharura au kwa pengo la muda tu, na siku za mwisho zitajwe tangu mwanzo. Kazi ya kila siku iwe ya mtu aliyeandikwa.

2. Asilipwe chini ya aliyeandikwa, wala asilipwe juu hata kuwavuta wengine waache kazi.

3. Asiitwe kuvunja mgomo.

4. Kandarasi isifanywe gizani. Chama kiulizwe kwanza, na bei ijulikane.

5. Mbele ya mgonjwa, mwenye kujibu awe hospitali siku zote, si kampuni.

6. Na yote haya yawe kwa mpishi, mfagiaji na bawabu pia, kadiri yanavyofaa kazi yao.

Hilo la sita ndilo jibu letu kwa wale waliouliza. Twamtetea daktari, naye twamwambia waziwazi: mpaka ukijengwa kwa ajili yako peke yako, hautasimama. Kontrakta aliingia kwa lango letu.

Tena hospitali hizo ndizo tunazolazwa sisi na watoto wetu. Tangu Oktoba 1, 2024 kila mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake wote kwa bima ya afya, yaani Shs. 27 na senti 50 katika kila Shs. 1,000. Pesa hizo ni jasho letu. Twataka zimlipe mtu anayetutibu, zisibaki njiani mfukoni mwa mtu ambaye hajapata kushika mkono wa mgonjwa.

Ndugu mwanachama, katika mkutano wa tawi lako leta jambo hili. Uliza katika hospitali yako ni nani ameandikwa na ni nani amekodiwa, na tangu lini. Jibu liandikwe, lipelekwe kwa katibu. Tukijua hesabu, tutajua mahali pa kusimama.

Umoja ni nguvu.