DAWA YA CHUPANI ISIYO NA JINA

Ndugu Wanachama,

Mwaka jana mimi katibu wenu nilifanya kosa, na kwa kuwa si peke yangu ninayelifanya, naona ni wajibu nilieleze.

Niliona mchwa wameingia katika banda langu la miche ya mikarafuu. Nikenda dukani, nikapimiwa dawa katika chupa ya soda, haina karatasi wala jina. Nikauliza kipimo, nikajibiwa, "Kizibo kimoja kwa ndoo." Kwa pupa yangu nikatia viwili. Siku ya nne mchwa wazima, miche imeungua majani.

Khasara ile haikuwa ya fedha za dawa tu. Mbegu ya mkarafuu haiwekeki. Ikikaa wiki chache haioti tena. Basi aliyepoteza miche hana budi kungoja msimu mwingine, na mkarafuu nao hutaka miaka 6 mpaka 8 ndipo uzae.

Wako wasemao kuwa mdudu ni mdudu na dawa ni dawa. Sivyo. Utafiti uliofanywa Unguja katika miaka ya 1950 ulionyesha kuwa maji moto, wanaochukiwa na wachumaji kwa kuuma kwao, huilinda minazi na mdudu anayeangusha nazi changa. Dawa usiyoijua humuua mlinzi pamoja na mwizi.

Rai yangu ni hii. Kwanza, mikono itangulie dawa: tuondoe bandani vigogo na mizizi mikavu, kwani hiyo ndiyo karamu ya mchwa, wala tusiiache miche ikashikwa na kiu. Pili, dawa ikilazimu, chama kinunue kwa pamoja pakiti ndogo zilizofungwa kiwandani, zenye jina, tarehe na maelezo, zitolewe kwa daftari, na Bwana Shamba atuonyeshe kipimo. Tatu, dawa isitiwe kamwe katika chupa ya soda. Majumbani mwetu mna watoto.

Najua watatokea wa kusema kuwa mchango utazidi. Naam, utazidi kidogo. Lakini mimi niliyetafuta rahisi nimekwisha kulipa zaidi ya mchango huo, na banda langu li tupu.

Jambo hili nitalileta katika mkutano ujao. Njooni mniunge mkono au mnipinge, lakini msikae kimya.



KATIBU